Kuoka nyumbani kuanzia mwanzo: maswali yasiyoisha mtandaoni

Chini ya karibu kila video ya kuoka kuna maswali yaleyale, na mara nyingi aliyeposti hana muda wa kuyajibu. Hapa yamekusanywa na kupangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya hali maalumu. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Mtindo wenyewe

1. Kuoka kuanzia mwanzo ni kuoka vipi hasa?

Ni kuanza na unga badala ya pakiti ya mchanganyiko wa kiwandani. Unapima mwenyewe unga, sukari, mafuta, mayai na kiumulishi (hamira au beking pauda), unachanganya, unaoka. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: wanasaga ngano yao, wanapiga krimu mpaka iwe siagi, wanalea chachu yao ya unga na maji kwenye chupa. Si lazima ufike huko. Siagi ya dukani haikutoi kwenye orodha ya waokaji, hata kama zipo klipu zinazokufanya ujione hivyo.

2. Kwa nini kila nikifungua simu nakutana na mtu anakanda unga?

Kwa sababu kuoka kunajieleza kwa macho. Donge lililojikunyata chini ya bakuli saa mbili asubuhi linafika ukingoni adhuhuri; linaingia ovenini jeupe, linatoka la kahawia na limepasuka pale hasa lilipochanjwa kwa wembe. Kisha kisu cha meno kinapita kwenye ganda na unasikia mlio wake. Hakuna neno lililosemwa, na mtazamaji wa nchi yoyote ameelewa.

Mitandao nayo inapenda video za aina hii, kwa kuwa moja ya vitu inavyopima ni muda ambao mtu anatazama. Mtu akishaona donge likiingia ovenini, hapiti. Anataka kuona ndani ya mkate kumetokaje. Ndiyo maana kipande cha kukata huwekwa mwisho kabisa.

3. Si yote haya yalianza wakati wa korona?

Moto uliwaka 2020, lakini kuni zilikuwa zimepangwa kitambo. Novemba 2006 gazeti la New York Times lilichapisha njia ya mwokaji Jim Lahey ya mkate usiokandwa: unga, maji, chumvi na hamira kidogo sana vinachanganywa, vinaachwa saa 12 hadi 18, kisha vinaokwa ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko. Njia hiyo iliwaonyesha watu wa kawaida kwamba ganda gumu la mkate wa mwokaji linawezekana jikoni kwao. Mwaka 2010 BBC ilianza mashindano yake ya kuoka kwenye runinga, na mwaka huohuo Instagram ikazinduliwa, mtandao wa picha uliokuja kuwa nyumba ya pili ya mikate na keki.

Watu walipofungiwa ndani 2020, unga na hamira viliadimika madukani Marekani na Uingereza. Uingereza ngano ilikuwepo, na vinu vilikuwa vikisaga usiku na mchana. Tatizo lilikuwa mifuko. Ni takriban asilimia 4 tu ya unga wa nchi hiyo unaouzwa madukani katika pakiti ndogo. Uliobaki huenda viwandani na kwa waokaji wakubwa kwa magunia na malori. Mitambo ya kufunga pakiti za kilo moja na nusu haikuweza kwenda kasi ya watu waliogundua kuoka wote wiki moja.

4. Na wale wanaooka kila kitu, mpaka biskuti za chai, wakiwa wamevalia gauni la harusini?

Hao walishika kasi zaidi 2023 na 2024. Nara Smith, mwanamitindo wa TikTok, alijulikana kwa kutengeneza toka mwanzo vitu ambavyo wengi hawajawahi kufikiria kwamba hutengenezwa, huku akisimulia kwa sauti ya chini. Hannah Neeleman wa Ballerina Farm, huko Utah, Marekani, ana mamilioni ya wafuasi wanaomtazama akipika na kuoka shambani pamoja na watoto wake. Mabishano kuhusu video hizi huwa hayahusu mkate. Yanahusu nafasi ya mwanamke nyumbani, na nani ana fedha na saa za kuishi hivyo.

Kwangu jambo la kushika ni dogo tu: yule unayemtazama yuko kazini. Kuoka mbele ya kamera ndiyo ajira yake. Ukijilinganisha naye jioni baada ya kutoka kwenye ajira yako, umelinganisha zamu yake na mapumziko yako.

## Kuanza

5. Nahitaji vifaa gani?

Mizani ya jikoni ya kidijitali, bakuli kubwa, bati moja na oveni. Ukiweza, ongeza kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni, kwa sababu kitufe cha oveni nyingi hakisemi kweli. Mashine ya kukandia inaweza kusubiri; mikono inatosha kwa mkate wa nyumba moja.

6. Kwa nini keki ya vikombe vilevile leo ni laini na kesho ni jiwe?

Kwa sababu kikombe si kipimo cha unga. Ukiuchota kwa kijiko na kuumimina taratibu, kikombe kimoja huwa na takriban gramu 120. Ukikizamisha kikombe ndani ya mfuko na kukishindilia, unaweza kupata 150 au zaidi. Keki ya vikombe vitatu inaweza kuwa na tofauti ya karibu gramu 90, yaani robo tatu ya kikombe kizima, na hujui umeiongeza.

Vikombe vyenyewe navyo havilingani. Cha Marekani ni kama mililita 237, cha Australia ni 250. Kijiko cha mezani ni mililita 15 kwa wengi, lakini Australia ni 20. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mikono yako, angalia aliyeandika mapishi anatoka wapi, kisha tafuta toleo la gramu. Mapishi ya mkate yasiyo na gramu kabisa, mimi huyapita.

7. Video inasema nyuzi 350 lakini oveni yangu inaishia 250. Nifanyeje?

Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, zinazotumika Marekani. 350 ni takriban 180 za Selsiasi, 400 ni kama 200, na 450 ni kama 230. Kama oveni yako ina feni, punguza nyuzi 20 za Selsiasi kwenye kile kilichoandikwa kwa oveni isiyo na feni.

8. Hamira, beking pauda na beking soda: naweza kubadilisha kimoja kwa kingine?

Hamira ni kiumbe hai. Hula sukari, hutoa gesi, na huhitaji muda. Maji ya nyuzi 35 hadi 40 huifurahisha. Yakikaribia 60 huiua. Hiyo haina mbadala wa unga wa kemikali kama unataka mkate wenye ladha na umbile la mkate.

Beking soda hufanya kazi papo hapo ikikutana na kitu kichachu kama maziwa mgando, mtindi au juisi ya limau. Beking pauda ni soda hiyohiyo iliyochanganywa tayari na asidi yake kavu. Soda ina nguvu kama mara tatu au nne, kwa hiyo ukiitia kijiko kwa kijiko badala ya pauda utapata keki yenye ladha ya sabuni. Zikikaa sana hupoteza nguvu. Jaribu pauda kwenye maji ya moto na soda kwenye siki: kisipochemka kwa povu, tupa.

9. Nianze na nini?

Mkate wa kawaida wa hamira kwenye bati. Utajifunza kukanda, kusubiri na kupima joto kwa siku moja. Chachu ya asili ije baadaye, ingawa ndiyo inayokuvutia kwenye simu.

## Chachu ya asili

10. Inatengenezwaje bila hamira?

Kwa unga, maji na subira. Changanya gramu 50 za unga, afadhali usiokobolewa, na gramu 50 za maji kwenye chupa safi. Kila siku bakiza gramu 50 za mchanganyiko huo, tupa uliozidi, kisha ongeza gramu 50 za unga mpya na 50 za maji. Zungushia chupa mpira mwembamba pale uji ulipoishia, ili uone umepanda kiasi gani. Viumbe wanaohitajika wamo ndani ya unga wenyewe. Huna haja ya kuongeza zabibu wala asali.

Iko tayari inapopanda maradufu ndani ya saa nne hadi nane baada ya kulishwa, na inafanya hivyo siku kadhaa mfululizo. Wengi hufika hapo kati ya siku ya 7 na ya 14. Kwenye chumba chenye baridi, subiri zaidi.

11. Siku ya tatu ilifurika, siku ya tano imelala kabisa. Imekufa?

Haijafa, na hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Povu la siku za mwanzo si la chachu. Ni bakteria waliokuja na unga, wanaotoa gesi nyingi na mara nyingine harufu mbaya. Uji unapozidi kuchachuka, bakteria hao hushindwa kuishi humo na kila kitu hutulia. Kimya hicho ndicho kinachowapisha chachu na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao huvumilia uchachu. Endelea kulisha. Watu wengi hutupa chupa zao siku ya tano au ya sita, wakati kazi ndiyo kwanza inaanza.

12. Juu kuna maji meusi. Na je, rangi ya waridi?

Maji ya kijivu au meusi yenye harufu ya pombe ni dalili ya njaa: mwaga au koroga, kisha lisha. Michirizi ya waridi au ya chungwa, au ukungu wenye manyoya, ni habari nyingine. Tupa vyote, osha chupa kwa maji ya moto, anza upya. Usikwangue juu ukabakiza chini. Ukitaka kupumzika kuoka, weka chachu iliyokomaa kwenye friji na uilishe mara moja kwa wiki.

13. Kwa nini mkate wangu hauna matundu makubwa kama ya kwenye video?

Hesabu za waokaji huanza na unga kama asilimia 100, na kila kingine hupimwa dhidi yake. Unga gramu 500, maji 350, chachu 100 na chumvi 10 ni maji asilimia 70, chachu asilimia 20, chumvi asilimia 2. Mikate mingi ya matundu makubwa unayoiona ina maji asilimia 80 au zaidi, na unga wenye protini nyingi, ya asilimia 12 hadi 14, unaoweza kubeba maji hayo bila kutapakaa mezani. Ukichukua kiasi hicho cha maji ukakitia kwenye unga laini wa keki, utapata rojo.

Kuna pia mikono. Anayeoka kila siku hulikunja donge badala ya kulikanda: huvuta ukingo mmoja juu, hulikunjia katikati, huzungusha bakuli, hurudia, kisha huliacha nusu saa. Gesi inabaki ndani. Mgeni hulibonda kwa hofu kwamba hajafanya kazi ya kutosha, na matundu yote huondoka na makofi hayo.

Lakini sababu kubwa zaidi ni muda wa kuumuka, na hilo liko kwenye swali la 15. Anza na maji asilimia 65 mpaka 70 na usione haya. Mkate wa matundu madogo unashika siagi. Ule wa matundu makubwa unaidondosha kwenye suruali.

14. Ni kweli mkate wa chachu ya asili hauna gluteni?

Si kweli. Uchachu hupunguza sehemu ya gluteni, yaani protini ya ngano, lakini mkate wa ngano unabaki na kiasi cha kumdhuru mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni. Anayeugua hapaswi kuujaribu kwa sababu ya maoni ya watu mtandaoni.

## Kati ya video na jikoni kwako

15. Nimefuata video kila hatua na bado donge ni kama chapati. Nimekosea wapi?

Huenda ulifuata saa ya mwenzako. Video ya sekunde 60 ina saa 10 au 20 ndani yake, na karibu zote zimekatwa. Unachoona ni mikono; kusubiri ndiko kunakooka mkate, na kusubiri hakupendezi kwenye kamera. Maandishi yanaposema “acha saa nne,” yanazungumzia joto la jikoni lake. Nyuzi 27 na nyuzi 21 ni dunia mbili kwa chachu: ile ya joto inaweza kumaliza kazi saa nyingi kabla ya ile ya baridi.

Basi acha saa, tazama donge. Chovya kidole kwenye unga mkavu, kibonyeze ndani ya donge kiasi cha nusu ya pingili, kisha kitoe. Shimo likiruka na kujaa mara moja, bado. Likirudi polepole na kuacha kibonyo kidogo, washa oveni. Shimo likibaki vilevile na donge likaanza kushuka kama limechoka, limepitiliza; lioke hivyohivyo kwenye bati, maana umbo limepotea lakini ladha ipo.

Mwisho, hakikisha mkate umeiva ndani. Kipimajoto kikichomekwa katikati kinapaswa kusoma nyuzi 93 hadi 98. Na uache upoe walau saa moja kabla ya kukata. Wanaokata mkate unaofuka moshi mbele ya kamera wanapata picha nzuri na ndani kwenye kunata.

16. Nitajuaje kwamba video ni ya uongo?

Angalia kama picha inaendelea bila kukatwa. Rojo linaingia kwenye bati la bluu, keki inatoka kwenye bati jeusi: hizo ni keki mbili. Shuku mapishi yasiyo na kiumulishi chochote wala mayai yaliyopigwa, lakini keki imepanda kama mto. Ann Reardon, mtaalamu wa chakula wa Australia, amekuwa kwenye YouTube kwa miaka akijaribu “mbinu za ajabu” za namna hii mbele ya kamera, na nyingi hazifanyi kazi.

Siku hizi kuna pia picha na mapishi yaliyotungwa na akili mnemba. Mkate kwenye picha una mikato ya wembe ambayo haiishii popote, na mapishi yana uwiano usiowezekana. Tumia hesabu ya swali la 13: chumvi ikizidi asilimia 3 ya unga, au maji yakiwa chini ya asilimia 50, kuna kitu hakiko sawa.

17. Naishi mahali pa juu sana. Keki zinapanda kisha zinazama.

Kuanzia kama mita 900 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi hutanuka haraka kuliko keki inavyoshikana. Maji nayo huchemka kwa nyuzi pungufu, takriban moja kwa kila mita 300, na unyevu hukimbia mapema. Punguza beking pauda kidogo, kama robo ya kijiko cha chai kwa kila kijiko, ongeza kimiminika vijiko viwili vya mezani au zaidi, na panda nyuzi 10 hivi kwenye oveni. Mkate wa hamira utaumuka upesi. Rudi kwenye kidole cha swali la 15.

18. Nihifadhi mkate kwenye friji?

Hapana. Baridi ya friji huharakisha wanga kurudi kuwa mgumu. Weka kwenye kitambaa au mfuko kwa siku mbili tatu, au ukate vipande na uvigandishe kwenye friza.

## Usalama

19. Kila mtu anaramba kijiko. Kuna ubaya gani?

Watu hufikiria mayai na kusahau unga. Unga wa ngano ni mbichi. Haujapikwa kabla ya kufungwa. Mwaka 2016 tani nyingi za unga ziliondolewa madukani Marekani baada ya watu kuugua kutokana na bakteria aina ya E. coli, na visa vya namna hiyo vimejirudia baadaye. Kuuchoma unga kwenye oveni kabla ya kuutumia, kama video zinavyoelekeza, si njia iliyothibitishwa kuua bakteria wote. Onja baada ya kuoka.

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kitu chenye asali, hata kilichookwa. Vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari wa kupooza, huvumilia joto la oveni.

20. Vumbi la kung’arisha keki ni salama?

Inategemea maneno yaliyo kwenye chupa. “Haina sumu” si sawa na “inaliwa.” Mwaka 2021 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilieleza visa vya watoto waliougua baada ya kula keki za siku ya kuzaliwa zilizopakwa vumbi la mapambo, na uchunguzi ulikuta madini mazito, ikiwemo shaba kwa wingi. Kama hakuna orodha ya viungo kwenye chupa, vumbi hilo ni la mapambo yanayotolewa kabla ya kula, kama maua ya plastiki. Keki inayopendeza kwa picha inaweza kupigwa picha bila kuliwa. Tatizo ni kwamba baada ya picha watoto hukabidhiwa vipande.

## Kuposti na kuuza

21. Naweza kuposti mapishi niliyojifunza kwa mtu mwingine?

Orodha ya viungo peke yake kwa kawaida hailindwi na hakimiliki. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani inasema hivyo wazi. Maelezo aliyoyaandika kwa maneno yake, picha na video zake vinalindwa. Andika hatua kwa maneno yako, piga picha mkate wako, na mtaje. Kutaja si sheria kila mahali, lakini waokaji wanakumbukana.

22. Marafiki wanasema niuze. Nianze tu?

Kwanza ulizia sheria za unakoishi, kwa sababu zinatofautiana sana. Uingereza, kwa mfano, hutaka anayeuza chakula kutoka nyumbani ajisajili kwa halmashauri siku 28 kabla ya kuanza. Majimbo ya Marekani yana sheria zao za chakula cha nyumbani, na mengi huruhusu mikate na biskuti lakini hukataza vitu vyenye krimu vinavyohitaji friji.

Orodhesha vizio, yaani viungo vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio, kila mara: ngano, maziwa, mayai, karanga, ufuta, soya. Kisha fanya hesabu ambayo laiki haziifanyi: viungo, umeme au gesi, vifungashio, vilivyoungua, na saa zako. Wengi huhesabu unga na sukari wakaona faida, kumbe saa sita za kazi wamezitoa bure. Bei ikikataa kupanda kufidia saa hizo, oka kwa ajili ya watu wa nyumbani na uendelee kuposti.